Aliyeifungua Mwisho Cherehani ya Bi Kijakazi

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
28 Januari 2024

Mzee Arvid, shikamoo.

Kwanza tafuta kiti. Umekaa? Haya, sikiliza. Mimi Hashimu, mwanafunzi wako uliyesema nina mikono ya kiboko, ndiye sasa daktari mkuu wa cherehani Kariakoo nzima, na Buguruni wameshasikia. Nikikatiza Mtaa wa Sikukuu, cherehani zinaanza kushona zenyewe kwa woga. Juzi kuna moja ilikuwa imekufa miaka miwili, nikakohoa tu mlangoni, ikazunguka. Sijisifu Mzee, nakupa taarifa.

Najua huko Norwe unasoma hii umevaa soksi tatu. Pole. Wazee wenzako wa kujitolea walikwenda kupiga picha na twiga, wewe miezi sita ukajifungia na vijana wanane kwenye chumba chenye feni moja, unatufundisha kutengeneza cherehani kwa Kiswahili cha redio ya zamani. "Ndugu Hashimu, tafadhali nipatie bisibisi." Hakuna mtu Bongo anayeomba bisibisi hivyo! Wana bado wanakuigiza kila asubuhi. Na barua, Mzee, barua! Dunia nzima iko kwenye simu, wewe unanituma Posta kununua stempu kama naomba kazi serikalini.

Sasa habari yenyewe. Unamkumbuka Goodluck, fundi wa suti mwenye duka la vioo? Yule aliyekuwa ananiita mbeba mkoba wa mzungu. Wiki ile ulipopanda ndege nilipita dukani kwake, wateja wamejaa, akasema kwa sauti, "Dogo, mzungu kaondoka na mkoba, sasa utabeba nini?" Watu wakacheka mpaka muuza maji akacheka. Nikamwambia lete mashine yoyote iliyokushinda, nipe dakika kumi. Akatoa ile ya zamani, ndugu yake na cherehani ya Bi Kijakazi mwenye nyumba wako. Ndiyo hiyo ya Goodluck uliyosema haitapona kwa sababu kijumba chake cha bobini, kile kinachoshika uzi wa chini, hakitengenezwi tena duniani.

Nikamwambia nipe mpaka Jumatatu jioni. Jumatatu nikaja na kijumba chenyewe, chuma halisi. Nikapachika. Ikaimba! Usiniulize nilikipata wapi, daktari halazimiki kusema dawa kaichimba porini gani. Goodluck kanipa meza pale mbele ya duka, kwenye kioo, kila anayepita ananiona.

Bi Kijakazi anakusalimu sana. Chumba chako hajampa mtu, kakifunga, ufunguo kauweka kwenye kabati la vikombe. Anasema, "Mzungu wangu anarudi Juni." Yuko mbioni na harusi ya mjukuu wake Najma kabla ya mwezi mtukufu, anashona sare za shughuli nzima mwenyewe.

Halafu kuna swali la wana. Mwezi wa kumi ulikwenda Lindi wiki nzima, ukarudi hutaki hata chapati. Tunajua ulikuwa na mchumba kule enzi zile. Kiri tu Mzee, hatutamwambia mtu.

Wako, daktari,
Hashimu


Hamar, Norwe
20 Februari 2024

Ndugu Hashimu,

Marahaba. Barua yako imenichekesha hadi jirani akagonga ukuta. Nirekebishe jambo moja: nilisema una mikono ya haraka. Kiboko ulimleta mwenyewe.

Theluji imefika dirishani. Nina miaka sabini na minne na naishi peke yangu, kwa hiyo naitengeneza saa ya ukutani ambayo haijaharibika. Kule kwenu kila asubuhi Bi Kijakazi aliniuliza kama nimelala salama, na alisubiri jibu. Hapa hakuna anayeuliza. Nimekwisha kukata tiketi ya tarehe kumi Juni. Mwambie ufunguo ukae palepale.

Umeniuliza habari za Lindi. Hapakuwa na mchumba. Mwaka 1975 nilikuwa kijana wa kujitolea katika kijiji kimoja kule, nikisimamia pampu ya maji. Siku moja niliiwasha bila kutazama mafuta, kwa sababu wageni walikuwa wanatutazama na nilitaka kuonekana hodari. Injini ikafa. Katika ripoti niliandika kwamba mlinzi, Beno, aliichezea. Sikuiandika kwa chuki. Niliandika sentensi moja tu, na ilikuwa rahisi sana kuiandika. Beno alifukuzwa kazi, na wanawake wa kijiji walichota maji mtoni mwaka mzima wakimlaani yeye.

Safari hii nilikwenda kumtafuta. Amekwisha kufariki. Nilimkuta binti yake, Severa, nikamweleza. Alinitazama, akacheka kidogo, akaniwekea chai. Akasema, "Baba alikuwa akisema hakuigusa, na sisi hatukumwamini." Basi. Ndiyo maana sikutaka chapati.

Nilichojifunza katika kujitolea kwangu kote ni hicho, na nilijifunza nikiwa nimechelewa.

Sasa jambo la furaha. Hicho kijumba ulikipata wapi? Mimi nilikitafuta miezi mitatu, Kariakoo na hata kwa barua Ujerumani. Tafadhali nielekeze duka, Juni ninunue vingine.

Nimemwandikia Bi Kijakazi pia, kumpongeza kwa harusi, na kumtumia picha yake akiwa kwenye cherehani yake. Kuniruhusu kuifungua cherehani ile ndiyo nishani pekee niliyoipata maishani.

Rafiki yako,
Arvid


Kariakoo
14 Machi 2024

Mzee, shikamoo.

Barua hii fupi kwa sababu ni mwezi wa Ramadhani na mkono wenye njaa hauandiki. Utani. Mkono uko fiti kuliko wa bondia.

Duka la kile kijumba limefungwa. Mwenye duka kahamia Kongo, tena ile ya mbali. Kwa hiyo usijisumbue kulitafuta, hata ukija.

Harusi ya Najma ilifana kinoma. Pilau, taarabu, watu mpaka barabarani. Sare? Aa, safari hii walibadili fasheni, kila mama kaja na nguo yake, rangi rangi kama soko la matunda. Imependeza tu.

Bi Kijakazi hajajibu barua yako kwa sababu yuko kwenye funga, na mkono unamuuma, na Badria, yule mjukuu mwingine anayemwandikia barua zake, ana mitihani. Usimwandikie tena kwa sasa. Bibi wa watu anachoka kusomewa.

Halafu hii habari ya Beno, mimi naona unajitesa bure. Mambo ya miaka hamsini! Ulikuwa kijana, watu walikuwa wanakuangalia, ungefanyaje? Angekuwa hai angekupiga bega mkacheka. Kuna vitu mtu anasema tu kwa sababu kaulizwa ghafla. Achana nayo, kula chapati.

Pengine Juni siyo mwezi mzuri wa kuja. Joto. Najua Juni hakuna joto, lakini mwaka huu litakuwepo.

Hashimu


Mchafukoge, Dar es Salaam
18 Aprili 2024

Kwa Bwana Arvid,

Salamu zako nimezipata, na picha nimeipata. Picha nimeigeuza, inatazama ukuta.

Nilitaka kunyamaza. Badria kaniambia, Bibi, mtu asiyeambiwa kosa lake ataendelea kukuletea salamu. Kwa hiyo nasema, yeye anaandika.

Cherehani ile mama yangu alikuja nayo kutoka Tanga kabla mimi sijaolewa. Nimesomesha watoto watano kwa miguu yangu juu yake. Marehemu mume wangu hakuigusa. Wanangu hawakuigusa. Wewe nilikuruhusu, kwa sababu uliomba vizuri, na kila ulipoifungua ulitandika kwanza kitambaa cheupe mezani, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Ijumaa ile kabla hujaondoka uliifungua ukaipaka mafuta, nami nikakaa jikoni bila wasiwasi.

Siku nne kabla ya harusi ya Najma nilikuwa nashona madera ya sare, zambarau, ya wanawake thelathini na wawili. Mengine nilikuwa nimemaliza. Cherehani ikaanza kutafuna. Uzi unajikunja chini kama tambi, kitambaa kinavutwa kinachanika. Nikaita fundi. Akaifungua akaniambia, Bi mkubwa, hiki kijumba cha bobini si chako. Hiki ni bati, vinauzwa mafungu pale barabarani. Chako cha chuma kimeondoka.

Unajua kwetu sare ni nini. Umekaa hapa, uliona. Wanawake wale walitoa vitambaa vyao mikononi mwangu. Siku ya shughuli nusu walikuja na zambarau na nusu na walichokipata kabatini, na upande wa bwana harusi wakaulizana kwa sauti kama sisi ni ukoo mmoja au watu wa kuokotana. Najma alilia kabla ya kuingia ukumbini.

Nilimwuliza Hashimu, kijana wako, nani aliifungua mwisho cherehani hii. Akanijibu: Mzee Arvid.

Sikudai. Labda huko kwenu kitu cha zamani kina watu wanaokitafuta. Lakini ungeniomba ningekupa, tungeangalia pamoja njia nyingine. Umekula kwangu miezi sita. Hilo ndilo linaloniuma.

Chumba nimekitia magunia ya mchele ya mwanangu. Usije.

Ni mimi,
Kijakazi

(Babu, mimi Badria nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno. Samahani.)


Hamar
8 Mei 2024

Ndugu Hashimu,

Bi Kijakazi ameniandikia. Nadhani unajua alichoandika, na nadhani ulinyamaza ili kunihurumia. Sasa naelewa kwa nini ulisema kuna joto mwezi Juni.

Nimekaa na barua ile siku tatu. Sikumbuki kuchukua kile kijumba. Naiona Ijumaa ile: kitambaa cheupe, mafuta, mkono wangu unakirudisha mahali pake. Lakini naiona kwa sababu ilitokea, au kwa sababu ningependa iwe ilitokea? Kaka yangu mkubwa alianza hivi. Alikuwa na hakika ya kila kitu, na kila kitu kilikuwa si hivyo. Mwezi wa tatu niliacha jiko linawaka nikaenda dukani. Nilijiambia ni uzee wa kawaida.

Nimemwaga mikoba yote. Nimetafuta katika sanduku la vifaa, katika viatu, nimefumua bitana ya koti. Hakipo. Pengine nilikitoa Ijumaa ile kukilinganisha na kile kibovu cha Goodluck, nikarudisha kitu kingine na kukipoteza njiani. Kwa nini niwe na cha bati, sijui. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba sijui.

Nimekwenda kwa daktari. Alinipa kalamu akaniambia nichore saa. Hashimu, mimi ninayetengeneza saa! Tarehe tatu Juni nitapimwa kichwa kwa mashine, na baada ya hapo wataamua kama niendelee kuishi peke yangu.

Safari nimeivunja. Nimewaambia wenzangu wa chama cha kujitolea wampeleke mtu mwingine mwenye akili kamili. Bi Kijakazi nimemwomba radhi kwa barua, bila kujitetea. Aliyeshindwa kukumbuka hana cha kubisha.

Sanduku langu la bisibisi lililobaki Narung'ombe ni lako.

Na jambo moja. Uliulizwa, ukajibu ukweli, ukanitaja. Nakushukuru. Usione haya kwa hilo. Mimi katika umri wako sikuweza.

Arvid


Kariakoo
28 Mei 2024

Mzee,

Shikamoo. Najua sistahili uitikie.

Barua yako nilipewa jana asubuhi Posta. Niliisoma pale nje kwenye ngazi, mara tatu. Nilipofika kwenye saa nilisimama. Kisha nikapiga ile namba yako ya mezani. Ukapokea. Ukasema, "Hallo?" Ukasema kitu cha Kinorwe. Halafu ukasema kwa Kiswahili, "Ni nani, tafadhali?" Nikakata. Nikapiga tena, nikakata tena. Mara nne. Yule aliyekusumbua jana ni mimi, usije ukafikiri na hizo simu umeziota.

Badria ameshawaandikia wenzako wa chama kwenye mtandao jana hiyohiyo, wakwambie kabla ya tarehe tatu. Kaandika: Mzee hajasahau kitu, barua inakuja. Mengine kasema niandike mwenyewe kwa mkono wangu. Basi naandika. Shule niliiacha kidato cha pili, nikawaambia watu shule ndiyo ilishindwa na mimi. Ule nao ulikuwa uongo.

Hukukipoteza. Ijumaa ile ulikirudisha mahali pake sawasawa, kama unavyoiona. Nilikikuta hapo Jumatatu.

Bi Kijakazi aliniita nimpandishie mtungi wa gesi ghorofa ya tatu. Adhuhuri ikaadhiniwa, akaingia ndani kuswali. Akaniambia, "Kaa mwanangu, ukitoka rudisha mlango." Mimi mfukoni nilikuwa na kijumba cha bati nilichonunua barabarani asubuhi, maana yake nilishapanga. Na nilikuwa na bisibisi yako. Nilitandika kitambaa cheupe, Mzee. Sijui kwa nini. Nilifanya kama ulivyonifundisha, polepole, bila kelele, nikatoa cha chuma nikaweka cha bati. Namsikia kule ndani anasoma sura yake. Nikajiambia ni wiki moja tu, Goodluck akishanyamaza nitakirudisha. Halafu nikakaa pale kwenye kioo, watu wakawa wananiona, wiki ikaisha, na nyingine.

Jana nilitoka Posta moja kwa moja mpaka kwa Goodluck. Koti la mteja lilikuwa chini ya sindano. Nikalitoa, nikaanza kufungua.

"We dogo, una wazimu? Koti la bwana harusi hilo!"

"Kifaa siyo changu, bosi."

"Kwani ulisema ulikitoa wapi?"

"Kwenye cherehani ya bibi mmoja Mchafukoge. Niliiba."

Nilifikiri watacheka kama siku ile. Hakucheka mtu, hata muuza maji. Goodluck akaniambia nichukue na meza yangu. Meza yenyewe ya kwake, nikaiacha.

Nikapanda ghorofa ya tatu. Bi Kijakazi alikuwa anachambua mchele. Nikasema shikamoo. Akaniangalia mkononi. Nikasema tena, shikamoo Bibi. Hakuitikia. Mzee, tangu nizaliwe sijawahi kutoa shikamoo ikaanguka chini vile.

"Kiweke mezani," akasema.

Nikaweka. Nikamwambia ni mimi, siyo Mzee. Akaendelea kuchambua, akatoa kama mawe matatu. Halafu akauliza, "Mimi nilikuwa wapi siku hiyo?"

"Ulikuwa unaswali, Bibi."

Akageuza uso dirishani. Badria alisimama mlangoni na barua yako ya kuomba radhi mkononi, ile waliyoipata wiki iliyopita, akaanza kuisoma upya kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, mimi nikiwa nimesimama. Pale uliposema "nisamehe, huenda akili yangu imeanza kuondoka," Bibi akamwambia Badria, "Basi, mwanangu, inatosha." Akaniambia niende. Nikiwa kwenye ngazi nikasikia magunia yanaburutwa. Nilitaka kurudi kusaidia. Sikuthubutu. Badria anasema chumba chako kimeshafagiliwa, na atakuandikia mwenyewe.

Sanduku la bisibisi nimelipeleka kwake, likusubiri wewe. Wana nimewaambia. Wamekubali nije kufagia, kushika bisibisi bado.

Sikuombi unisamehe, nisije nikakuharakisha. Nataka tu ujue ni kipi hasa kinachoniuma, maana nimekuandikia vitu vingi na unaweza kufikiri ni wizi. Wizi nimeurudisha, kimeshapachikwa, Badria anasema cherehani inaimba. Zile sare siwezi kuzirudisha, lakini Najma ana mume na wanacheka siku hizi.

Ni ile siku Bibi alinishika mkono, kitambaa kimechanika mapajani pake, akaniuliza, "Hashimu, nani aliifungua mwisho?" Hakunishuku. Aliniuliza kama anavyomwuliza mtoto wa nyumbani. Nilikuwa na majina mawili mdomoni, na la kwangu ndilo lililotangulia, lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza, nikasema la kwako.

Hashimu